Ngazi Aliyoing'arisha Shangazi

Shangazi yangu si mtu wa kuomba. Ukimpa anashukuru, usipompa anajifanya hakuona. Kwa hiyo jioni ile aliposema kuna kitu anakitaka, baba alipunguza sauti ya redio.

"Kabla hawajanipasua hili goti," alisema, "nataka nishuke ngazi kuu ya kasri. Kwa miguu yangu, na viatu, uso mbele."

Baba ni mdogo wake. Aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukiamsha.

"Dada, daktari amekwambia uepuke ngazi."

"Amesema nikishapasuliwa nitatembelea magongo, na ngazi niziage. Ndiyo maana naitaka sasa, wakati bado nina miguu ya kuishukia."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu hapa ni nani? Wewe nilikubeba mgongoni huna hata jino moja, ukanikojolea nikiwa nimevaa gauni la sikukuu. Kunywa chai yako."

Baba akanywa chai yake. Mimi nilicheka, kisha nikaona shangazi hacheki, nikaacha.

Lazima nieleze kazi aliyoifanya zamani katika kasri hilo, maana asiyeijua atadhani bibi huyu amechanganyikiwa. Kasri lile liko juu ya kilima, sisi tuko bondeni. Siku hizi ni jumba la makumbusho. Zamani lilikuwa la wenyewe, na shangazi aliingia humo akiwa msichana mdogo, akapewa kazi ya ngazi na mahali pa kulala humo humo. Ngazi kuu ni ya mbao, pana, inatoka ukumbi wa juu hadi mlango mkubwa. Wasichana wa ngazi walianzia juu, wakiwa wamepiga magoti. Unapaka nta kidato kimoja, unakisugua kwa kitambaa kikavu mpaka uone kivuli chako, kisha unarudi nyuma hadi kidato cha chini yake, makalio yakitangulia, ili usikanyage ulipokwisha kung'arisha. Hivyo hivyo mpaka sakafuni. Ukifika chini unapotelea kwenye kijimlango kilicho ubavuni mwa ngazi, na kazi yote iwe imeisha kabla hakujakucha, wenye nyumba wasikute hata harufu yako.

Kupanda kulikuwa kwa ngazi ya nyuma, ile nyembamba ya watumishi. Mguu wa mtumishi haukuruhusiwa kukanyaga ngazi kuu. Magoti, ndiyo. Mguu, hapana. Shangazi aliitambaa ngazi ile tangu usichana wake hadi alipoolewa, na hakuwahi kuishuka hata mara moja kama binadamu anavyoshuka ngazi. Daktari alipoitazama picha ya goti lake aliuliza kama aliwahi kucheza mpira. "Nilicheza," shangazi akamjibu. "Nilikuwa kipa."

Mimi ni msusi. Kutwa nasimama nyuma ya vichwa vya watu, nasikiliza mambo yao, na nimejifunza kuwa mtu akitaka kitu kidogo namna ile, si kidogo. Nina mdomo pia, sifichi, na hasira zangu ziko karibu, sizitafuti mbali. Nikafunga saluni siku moja ya katikati ya wiki, nikampeleka.

Shangazi alivaa viatu vipya vya raba, vyeusi, alivyovinunua kwa shughuli hiyo tu. Pale kasrini nilimshika mkono kuelekea mlango mkubwa wa mbele, wenye nguzo na simba wa mawe. Ulikuwa umefungwa. Kibao kilituelekeza tuzunguke nyuma.

Nyuma kulikuwa na geti dogo, na dirisha la kukatia tiketi mahali palipokuwa zamani chumba cha kufulia. Wageni wote waliingia kwa mlango wa watumishi. Mimi nikaanza kuvimba. Nilimuuliza mkata tiketi kama wanaona haya wanayoyafanya, mtu mzima kama huyu kupitishwa uchochoroni.

"Ni wote, dada," alisema. "Hata waziri angepita huku."

"Twende," shangazi akaniambia, akinivuta. "Huku nakujua. Hasira zako usizimalizie mlangoni, tutazihitaji ndani."

Tuliunganishwa na kundi la wageni na mwongozaji mmoja kijana, mwenye sauti nzuri na fimbo ndogo ya kunyooshea vitu. Alitupitisha ukumbi wa chakula, meza ndefu imepangwa sahani na bilauri kwa ajili ya wageni ambao hawatakuja. Alitupitisha chumba cha kulala cha Bibi Mkubwa, mwenye nyumba wa mwisho, kitanda kirefu kwenda juu hadi kina kigoda cha kukipandia. Mgeni mmoja mnene aliuliza walikuwa wanaangukaje usiku, tukacheka. Watu walitazama dari lenye maua ya dhahabu, wakatazama mapazia, wakatazama vioo na kujitazama wenyewe humo. Shangazi alitazama sakafu. Chumba hata chumba alitazama sakafu, akiguna, kama mama anayekagua masikio ya mtoto wa mwenzake.

Kisha tukatokea ukumbi mkubwa, na ngazi ikawa mbele yetu.

Sikutegemea ingekuwa nzuri. Nilikuja nimeshaichukia, lakini ilikuwa nzuri, mbao nyekundu iliyoiva, inapanda kwa upole mpaka juu chini ya tao la dari. Chini yake pamefungwa kamba nene ya rangi ya damu ya mzee, na kibao: Usipande. Pembeni alikaa mlinzi wa makamo kwenye kiti cha plastiki.

"Ngazi hii haikanyagwi," alisema mwongozaji. "Hata sisi wafanyakazi hatuikanyagi. Anayeruhusiwa ni mtu wa usafi peke yake, tena akiwa na soksi."

Shangazi aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mimi naomba kuishuka."

Mwongozaji alitabasamu, akadhani ni mzaha wa wazee. Alipoona mkono haushuki, akamtazama mlinzi, na mlinzi akatikisa kichwa. Haiwezekani, mama. Nikafungua mdomo. Shangazi alinifinya nyama ya juu ya kiwiko, pale pale alipokuwa akinifinya nikiwa mdogo, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Nani anaweza kusema ndiyo?" aliuliza.

Akaitwa mhifadhi wa jumba. Alikuja mbiombio, mwanamke wa rika langu, miwani juu ya nywele, mikono ina vumbi la makaratasi. Aliposikia kwamba shangazi alikuwa msichana wa ngazi, macho yalimng'aa. Sidanganyi, alifurahi kweli. Alimshika shangazi mikono yote miwili. Walikuwa wamewatafuta watu waliofanya kazi humo, alisema, na wengi wameshatangulia mbele ya haki. Angependa kurekodi sauti yake. Angependa na picha.

"Picha kubwa, mama, tuiweke pale wanapoingilia wageni. Umepiga magoti hapa kwenye kidato cha chini, na kitambaa mkononi, kama enzi zile. Watu waone."

Damu ilinipanda mpaka kwenye masikio. Shangazi hakukasirika, au kama alikasirika, hasira aliiweka mahali pengine kwa ajili ya baadaye.

"Mwanangu," alimwambia, "magoti haya nimeyapiga mpaka yamekwisha. Ukitaka picha, nipige nimesimama. Ukitaka sauti, nitakupa yote uitakayo. Lakini nishuke kwanza."

Mhifadhi alieleza mambo ya mbao kukonda, ya masharti, ya mkuu wake aliye mjini. Alieleza kwa adabu, na shangazi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akajongea kwenye kiti cha mlinzi, ambacho mlinzi alikuwa amekiacha kwa kumstahi mhifadhi, akakaa. Akapanga mkoba wake mapajani.

"Nitangoja," alisema.

"Unangoja nini, mama?"

"Ruhusa."

Mhifadhi alirudi ofisini kwake. Mwongozaji akaondoka na kundi. Tukabaki watatu, mimi, shangazi na mlinzi, na kiti kimoja.

"Mama," mlinzi alisema baada ya muda, "hicho ni kiti changu."

"Najua, baba. Ahsante sana."

Kundi jingine lilikuja, likaelezwa habari za ngazi, likamtazama shangazi, likaenda. Likaja jingine. Mgeni mmoja alimpiga picha akidhani ni sehemu ya maonyesho. Mlinzi aliegemea ukuta kwa bega la kulia, kisha kwa bega la kushoto. Alikuwa mtu mwema, na miguu ilikuwa inamuuma.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alimnong'oneza shangazi. "Mfuate ofisini, mwombe vizuri, ujishushe kidogo."

"Nimeinama ndani ya nyumba hii mpaka ujana wangu ukaisha, na cha uvunguni sikukiona. Leo nataka cha juu."

Mlinzi alicheka mpaka akajishika ukuta. Kisha akafikiri. Kisha akavuta mkanda wa suruali juu na kuelekea ofisini mwenyewe. Mlango haukufungwa vizuri, tukamsikia akisema ama wampandishe yule mama, ama wamletee yeye kiti kingine, na kwa anavyomwona yule mama, waagize na kitanda.

Mhifadhi alitoka simu ikiwa bado mkononi. Mkuu wake alikuwa amekubali, mara moja tu, mtu mmoja na wa kumsindikiza, na kwa soksi.

"Soksi kwenye mbao yenye nta?" shangazi aliuliza. "Mwanangu, hizo ni njama za kuniua."

Hapo hata mhifadhi alicheka. Shangazi akainua mguu, akaonyesha soli ya raba. Mlinzi alichuchumaa akaibonyeza kwa kidole gumba kama anayenunua parachichi, akatangaza kuwa ni laini. Mhifadhi akatoa kitambaa cha miwani, akaifuta soli mwenyewe, moja baada ya nyingine. Tangu hapo sikumchukia tena.

Tulipanda kwa ngazi ya nyuma, na ilitutesa. Ni nyembamba na imesimama wima, na shangazi alipumzika kila baada ya vidato vichache, paji limelowa. Nilimuuliza kama turudi. Alisema nikiuliza tena ataniacha pale pale na aende na mlinzi.

Juu, kwenye ukumbi, alisimama mwanzo wa ngazi kuu. Kule chini mhifadhi alikuwa ameshaifungua kamba. Kundi la wageni lilikuwa limefika tena, na mwongozaji, sijui aliambiwa nini, alikuwa amewasogeza ukutani na kunyamaza. Shangazi alivuta gauni likae sawa. Kwa mkono wa kushoto akaushika ukingo wa mbao. Kisha akatoa mguu, akaikanyaga ngazi.

Hakuna kilichotokea, bila shaka. Mbao ni mbao. Lakini nilimwona anavyoitazama ile raba nyeusi juu ya ule wekundu.

Watu wasiougua magoti hawajui hili: kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakouma. Kidato cha pili alitoa sauti kwa pua. Cha tatu alisimama kabisa, na mguu ule mbaya ulikuwa unatetemeka kama nyuzi za kinanda. Mama wa mazoezi kule hospitali alikuwa amempa mbinu, na mimi nilikuwepo akifundishwa: ukilazimika kushuka, geuka, shika ukingo, shuka kinyumenyume, uzito usiangukie goti. Nikamwambia. Nilisema kwa huruma, kwa sauti ya chini, kwamba ageuke tu, hakuna atakayemcheka.

Alinitazama usoni.

"Hata wewe?" alisema.

Afadhali angenizaba kofi. Nilishuka kidato kimoja mbele yake, nikamgeukia, nikatanua mikono nimdake akianguka, na tukaenda hivyo. Yeye anashuka, mimi narudi nyuma. Alikuwa anahesabu kitu kimoyomoyo, au anasali, midomo ilikuwa inacheza. Jasho lilimfika kidevuni. Mara mbili goti lilikataa, na mara mbili alilingoja, kama mtu anavyomngoja mtoto mkaidi, mpaka likakubali.

Katikati, tulipotoka chini ya lile tao, alisimama tena. Safari hii mguu haukutetemeka. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu.

"Ni goti?" niliuliza.

"Geuka," alisema.

"Nikigeuka, nani atakudaka?"

"Sianguki. Geuka, mwanangu. Sasa mbona wewe ndiye unashuka kinyumenyume?"

Nikageuka.

Juu ya mlango mkubwa palikuwa na dirisha la duara. Ukiwa chini ukumbini liko juu mno, unaona mbingu tu. Ukiwa kule juu kabisa, tao linaliziba. Lakini pale katikati linakuwa sawa na macho, na ndani yake, wazi kama picha iliyotundikwa, kulikuwa na bonde letu. Niliona barabara ya vumbi na mfereji. Niliona nyumba yetu. Huwezi kuikosa, baba alianza kupaka paa rangi ya kijani, rangi ikamwishia katikati, nusu ikabaki kutu. Niliona uani kwetu. Niliona kamba ya nguo na blanketi langu la njano nililolianika asubuhi.

"Kumbe panaonekana," shangazi alisema.

Ninaijua hadithi ya Bibi Mkubwa tangu utotoni, na shangazi huisimulia kwa upendo. Mama yao, bibi yangu, alipougua, shangazi alimwomba Bibi Mkubwa ruhusa ya kwenda kumwona. Bibi Mkubwa hakumpa, kwa kuwa wageni walikuwa wengi, lakini alimshika bega kwa upole, akamwambia, "Ningejua kwenu ni wapi, ningetuma mtu akamtazame." Siku zote shangazi alimtetea kwa maneno hayo. Sisi tukimlaani, yeye alisema hakuwa mbaya, hakujua tu, maskini, angejuaje mtu wa kilimani mambo ya bondeni.

"Mama alikufa alfajiri," alisema sasa, bila kupandisha sauti. "Mimi nilikuwa hapa hapa, mgongo wangu umeelekea kule. Kulipokucha uani kwetu kulijaa watu, walikaa chini mpaka barabarani. Na Bibi Mkubwa alishuka kunywa chai, akapita hapa. Kila asubuhi alipita hapa."

Nilisikia hasira, lakini si ile yangu ya karibu. Hii ilitoka mbali na ilikuwa baridi, nikaona haya kwa zile nyingine zote nilizowahi kuzipoteza kwa wakata tiketi.

"Tukae kidogo?" niliuliza.

"Hapana. Tunashuka."

Alishuka. Hakutazama vidato, alivijua. Alilitazama dirisha mpaka likapanda juu ya macho yake na kubaki mbingu tupu, kisha akautazama mlango. Mimi nilitembea ubavuni mwake, uso mbele, na mikono yangu nikaiacha ining'inie. Wageni hawakupiga makofi, nawashukuru kwa hilo. Alipokanyaga sakafu, mlinzi alimsogezea kiti. Hakukaa.

Mhifadhi alikuwa ameshika kinasa sauti, kidogo kama sanduku la kiberiti. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Mama, tukianza," alisema, "labda utuambie kwanza habari za nta. Ilitoka wapi, mliipaka vipi."

"Wewe umewahi kusimama pale katikati?"

"Sisi hatupandi, mama. Uliambiwa."

"Panda."

Mhifadhi alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama kamba iliyolala sakafuni. Mlinzi alijifanya anasoma kibao. Kisha yule mwanamke akapanda, na viatu vyake, taratibu, mpaka pale shangazi alipomwambia inatosha.

"Geuka, utazame dirisha. Unaliona paa moja, nusu kijani, nusu kutu?"

Alishusha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa.

"Naliona."

"Kwenye kamba ya nguo kuna nini?"

"Blanketi," mhifadhi alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "La njano."

"Basi teremka," shangazi alisema, "uwashe hicho chombo chako. Nta tutaizungumza siku nyingine."